Siku Tuliyopeleka Muziki Mferejini

Sikio langu la kushoto liliacha kusikia nikiwa darasa la pili, baada ya homa kali iliyonilaza hospitalini Nyeri kwa wiki tatu. Nilitoka pale nikiwa mzima mwili wote isipokuwa hapo tu. Wengi hudhani kwamba mwenye sikio moja husikia nusu ya mambo. Sivyo. Mimi nasikia vizuri, ila siwezi kujua sauti inatoka upande gani. Mtu akiniita sokoni nazunguka pale nilipo, huku na huku, mpaka nione mdomo unaosogea.

Mama yangu ni mwimbaji wa kwaya tangu kabla sijazaliwa. Nilipopata nafuu alinipeleka kwenye kwaya ya watoto. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza mara mbili, kisha akaniambia kwa sauti ya upole nisimame mstari wa nyuma na niwe nafungua mdomo bila kuimba. Nilifanya hivyo miaka minne. Simlaumu, maana niliimba vibaya kweli, na hakutaka kunifukuza mbele ya mama. Ila mstari ule wa nyuma ulikuwa karibu na spika kubwa, na sakafu ilikuwa ya mbao. Kinanda kilipopigwa noti za chini, nilizisikia kwenye nyayo. Nikajua kwamba muziki una mlango mwingine wa kuingilia.

Basi nikawa fundi. Nina kibanda mjini Nyeri, nyuma ya stendi, ambapo natengeneza redio, amplifaya na spika za makanisa. Spika mbovu naitambua kwa kuiwekea mkono kabla hata sijaifungua. Na kwa miaka mingi, kazi ikiisha, nilikuwa nakaa na kompyuta yangu kutengeneza muziki wa kwangu. Haukuwa na maneno. Nilichukua sauti za vitu, mvua ya Julai kwenye mabati, mashine ya kusaga, mashine ya kukoboa mchele kule Mwea, nikazikata na kuzipanga juu ya mdundo mmoja unaoenda bila kuchoka. Hakuna aliyeusikia isipokuwa mama, kupitia ukutani, na rafiki yangu mmoja.

Rafiki huyu tulikuwa dawati moja shule ya upili. Siku zote alikaa kulia kwangu ili nimsikie, na hakuwahi kusema kwamba ndiyo sababu. Sasa yeye na mumewe wanalima mpunga Mwea, na trekta anaendesha mwenyewe. Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, nilipokwenda kumtembelea wakati wa kuvuna, alinionyesha video kwenye simu. Ulikuwa mji fulani wa ng'ambo, wenye ziwa katikati. Malori yalikuwa yanatembea polepole kando ya maji yakiwa yamebeba spika, na watu wasiohesabika walikuwa wanacheza barabarani chini ya jua. Hakukuwa na geti wala tiketi.

"Ona hii," akaniambia. "Ati ni bure. Wanacheza tu siku nzima kando ya maji."

"Wako na ziwa," nikasema.

"Na sisi tuko na mfereji. Trekta niko nayo, trela niko nayo. Wewe uko na spika na hiyo muziki yako unafichia kwa nyumba. Tunangoja nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tulikuwa tumesimama kwenye barabara ya murram, ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, inayofuata mfereji mkuu, ile inayotoka kwenye vinu vya mchele na kwenda moja kwa moja hadi darajani, karibu kilomita tatu. Maji yalikuwa yanapita kimya, ya rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili wa barabara wanawake walikuwa wametandaza mpunga kwenye maturubai na kuugeuza kwa reki za mbao. Nikaitazama ile barabara, nikaona kwamba ni pana ya kutosha, imenyooka, na haina mlima. Nikaanza kuupima upana wake kwa hatua, na yeye akajua amenipata.

Tulichagua wiki ile ya kati ya Krismasi na mwaka mpya. Jua la Mwea huwa kali wakati huo, mavuno yameisha, na watoto wa watu wamerudi nyumbani kutoka Nairobi hawana la kufanya. Afisa wa serikali tuliyemwendea hakutusumbua. Alisema akiona barua ya mwenyekiti wa kamati ya maji naye atatia sahihi, kwa kuwa barabara ile iko mikononi mwa kamati. Hivyo kila kitu kikabaki kwa mwenyekiti.

Alikuwa mzee mrefu mwembamba, wa kuvaa gambuti za mpira hata wakati wa kiangazi. Alitupokea nyumbani kwake, akatuwekea viti chini ya paa la ghala, akasikiliza.

"Hiyo muziki ni ya kampeni?" akauliza.

"Hapana, mzee," rafiki yangu akajibu.

"Ya kanisa?"

"Hapana."

"Basi mnauza dawa."

"Hatuuzi kitu, mzee. Ni ya watu kucheza tu."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi nimekaa hapa miaka mingi. Sijawahi kuona gari imebeba spika na hakuna kitu inataka kwa watu."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyetengeneza huo muziki, kwamba nimeukalia miaka yote hiyo, na kwamba nataka kuusikia nje, mahali penye nafasi. Ni kweli tupu, na nadhani aliona. Akavuta pumzi.

"Shida yangu si muziki," akasema. "Shida yangu ni maji. Mimi kwa mikono yangu nimetoa watoto wawili kwa huo mfereji. Mmoja aliishi. Hayo maji yanaonekana pole, lakini ukuta wake ni laini, mtu akiingia hana mahali pa kushika. Sasa nyinyi mnataka kuleta watu wacheze pembeni yake."

Tuliomba siku mbili za kufikiri, tukaondoka.

Jibu lilitoka kwa rafiki yangu. Yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaopanda mpunga pamoja, na wanapopanda hunyoosha kamba ndefu shambani ili mistari isipinde. Aliwaomba waje na kamba zao. Wangezifunga ziwe moja, nene, na wangetembea nayo upande wa mfereji wakiishika kiunoni, kuanzia trekta hadi mkia wa msafara, kama ua unaotembea. Hakuna ambaye angepita kati yao na maji. Tuliporudi kwa mwenyekiti tukiwa na wanawake kumi na wawili na kamba, aliigusa, akaivuta kwa nguvu, akawauliza kama wanajua wanachokubali. Mmoja wao akamwambia, "Mzee, sisi tunashinda kwa hiyo maji mpaka magoti tangu asubuhi. Wewe andika barua."

Akaandika. Ila alitaka muziki uzimwe kabla ya saa kumi na moja, kusiwe na pombe, na yeye mwenyewe atembee mbele.

Mama ndiye aliyebaki. Nilimwambia tukiwa jikoni, anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Muziki bila maneno ni ya kusema nini?" akauliza.

"Si ya kusema, mama. Ni ya kucheza."

"Na hiyo sikio moja umebaki nayo unataka kuimaliza?"

Hapo nikaelewa. Kumbe miaka yote aliyogonga ukuta akiniambia nipunguze sauti, haikuwa kelele iliyomsumbua. Nilimwonyesha vizibo vya masikio ninavyotumia kazini, nikamweleza kwamba mdundo nausikia kwa miguu na mikono, sikio nalilinda kuliko kitu chochote nilicho nacho. Alivigeuza vile vizibo mkononi, akavirudisha mezani. "Usiniambie nije," akasema. Sikumwambia.

Siku yenyewe tulianza kupanga spika kwenye trela tangu saa moja asubuhi. Wufa nne, zile spika za mdundo mzito, chini, spika ndogo juu, jenereta nyuma kabisa, na mimi katikati na kompyuta yangu kwenye meza niliyoifunga kwa mipira ya tairi kuukuu. Kufikia saa sita jua lilikuwa limekaa utosini. Nilikuwa nimeinama naunganisha waya nilipoona viatu vya mama ninavyovijua. Alikuwa amesimama kando ya trela na mwavuli, kitambaa kichwani, na mfuko mtupu mkononi.

"Nimekuja kununua mchele," akasema.

"Karibu, mama. Vinu viko hapo tu."

"Naviona." Lakini hakusogea.

Saa saba trekta iliwaka. Mwenyekiti akatangulia na gambuti zake na fimbo, akina mama wakajipanga na kamba, rafiki yangu akaweka gia ya chini kabisa. Nikaziba sikio langu zima, nikaweka mkono wa kushoto juu ya wufa, na wa kulia nikafungulia mdundo wa kwanza.

Sitasema uongo, mwanzo ulikuwa mgumu. Watu walikuwa wengi, kando ya barabara yote, juu ya magunia, juu ya bodaboda zilizoegeshwa, lakini walikuwa wamekunja mikono. Walitutazama kama wanavyotazama gari la serikali lililopotea njia. Tulipita hivyo mita mia moja, mia mbili, mia tatu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na halikuwa la jua peke yake. Nilimwona msichana mmoja akinirekodi kwa simu, kisha akaishusha simu na kuangalia kwingine. Nikawaza kwamba muziki wa mtu mmoja chumbani labda ni wa mtu mmoja chumbani.

Kisha alitokea mwanamume wa makamo anayesukuma baiskeli yenye gunia la makapi ya mpunga. Msafara ulimzibia njia, akalazimika kusimama. Alisikiliza. Akaiegemeza baiskeli kwenye mti taratibu, akahakikisha haitaanguka, akavua kofia akaitundika kwenye usukani, akaingia barabarani akaanza kucheza. Hakutabasamu. Alicheza kama mtu anayefanya kazi aliyokabidhiwa, mabega yakienda na mdundo, miguu ikisaga vumbi. Watu walicheka, na kucheka kukawalegeza. Vijana wa bodaboda wakaingia. Waliotoka Nairobi wakaingia na miwani yao. Nyanya mmoja akamkabidhi mjukuu wake mkoba. Tulipofika kwenye mashamba ya kwanza, mbele ya trela na nyuma yake kulikuwa na watu tu, na vumbi jekundu juu yao, na ile kamba upande wa maji ikienda nao, akina mama nao wakicheza bila kuiachia.

Nilikuwa sijawahi kuona kitu nilichokitengeneza kikiingia kwenye mwili wa mtu mwingine. Nikileta sauti ya mashine ya kukoboa, waliitambua, wakanyoosha mikono kuelekea vinu. Nikiondoa mdundo na kuurudisha, waliruka wote kwa pamoja, na nilikisikia kishindo cha miguu yao kikipita kwenye magurudumu ya trela hadi kwangu.

Tulikuwa katikati ya njia wakati mkono wangu wa kushoto uliponiambia kuna shida. Wufa ilikuwa inatetemeka vibaya. Badala ya pigo moja nene nilihisi mikwaruzo midogo juu ya pigo, kama mchanga kwenye ngoma. Hakuna aliyekuwa amesikia chochote, wote walikuwa wanacheza. Nikagusa amplifaya, ilikuwa moto wa kuunguza. Nilijua kwamba nikiendelea dakika mbili zaidi itaungua, na hatuna nyingine. Nikazima kila kitu.

Ukimya baada ya sauti kubwa una uzito wake. Watu wakageuka kunitazama. Rafiki yangu akasimamisha trekta, akapanda kwenye trela.

"Ni nini?"

"Kuna waya imechubuka mahali. Nipe kama dakika kumi."

"Watu wataenda."

"Najua."

Nikalala kifudifudi chini ya meza. Barabara ile ya murram ilikuwa imetikisa trela muda wote huo, na waya wa wufa ya pili ulikuwa umejisugua kwenye ukingo wa chuma mpaka shaba ikatoka nje na kugusa. Kisu changu kilikuwa kimeanguka njiani, sikukiona. Nikatumia meno kumenya waya. Kichwani nilikuwa nawaona watu wakitawanyika, nikamwona mama akirudi kwenye vinu na mfuko wake.

Hapo ndipo nilipohisi kitu kwenye mbao za trela. Pigo. Kisha jingine. Nikadhani ni trekta, lakini trekta ilikuwa imezimwa. Nikatoa kizibo sikioni.

Wanawake waliokuwa wakianika mpunga wa mwisho kando ya barabara walikuwa wameanza kugonga chini kwa mipini ya reki zao. Wengine waligonga makarai. Waliokuwa barabarani walipiga makofi, wakakanyaga kwa mguu mmoja. Siwezi kusema nani alianza, na kwangu mimi sauti ilikuwa inatoka kila upande kwa pamoja, jinsi sauti zote zinavyonijia. Kwa mara ya kwanza maishani hilo halikuwa upungufu. Ilikuwa kweli inatoka kila upande. Hakuna mtu aliyekuwa ameondoka. Walikuwa wameshika mdundo wangu ili usianguke nikiwa chini ya meza.

Nikamaliza kufunga waya, nikauzungushia tepu mara tatu, nikausogeza mbali na chuma na kuukalisha juu ya kipande cha gunia. Nikasimama. Nilipojitokeza kukawa na kelele ya furaha, lakini hawakuacha kupiga. Nikaweka mkono kwenye kitufe cha kuanzisha, nikasita. Kompyuta ilikuwa bado na mwendo wangu wa mwanzo, na wao walikuwa wameupunguza, wameuleta kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa raha baada ya kazi. Nikiurudisha wa kwangu ningewakatiza. Basi nikagonga kitufe cha mwendo kwa kidole, mara moja, mbili, tatu, nne, nikifuata mipini ya reki. Kompyuta ikaukubali mwendo wao. Nikarudisha kizibo sikioni, nikasubiri pigo linalofuata, nikafungulia wufa zote nne.

Sina maneno mazuri ya kilichotokea. Muziki uliingia ndani ya makofi yao pasipo mshono. Niliona watu wakitazama mikono yao wenyewe, wakashangaa kwamba bado wanapiga makofi na makofi yamekuwa makubwa hivyo. Rafiki yangu aliruka kutoka kwenye trela akicheza, akawasha trekta akicheza. Na mbele kabisa, mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameinua fimbo yake juu na kuishusha, akiinua na kuishusha, akiwa ametugeuzia mgongo, labda ili tusimwone uso.

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa kwenye kamba. Sijui aliingiaje. Alikuwa katikati ya wanawake wawili wa kikundi, mwavuli umefungwa kwapani, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine unapiga paja. Midomo yake ilikuwa inasogea. Bila shaka alikuwa amejitungia maneno ya kuimba juu ya muziki usio na maneno, kwa sauti ya pili kama kawaida yake kwenye kwaya. Umbali ule sikuweza kumsikia, na sikuhitaji.

Tulitembea hivyo njia yote iliyobaki. Waliokuwa mashambani waliacha majembe wakaja. Mtu mmoja alileta ndoo za maji ya kunywa na vikombe, akawapa watu bila kuulizwa. Kwenye mashamba ya mbali ndege weupe waliinuka wote pamoja, wakazunguka juu yetu, wakatua tena. Tulifika darajani saa kumi na nusu, na nikaucheza wimbo wa mwisho trekta ikiwa imesimama, mlima mkubwa wa mbali umejitokeza upande wa kaskazini bila wingu hata moja. Nilipouzima, watu walipiga makofi wakitazama juu, kwangu. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaishia kuinua ile iliyojaa masizi na tepu.

Mwenyekiti alikuja hadi kwenye trela. Alikuwa amehesabu akina mama wa kamba, amekagua ukingo wa mfereji kwa macho.

"Hakuna mtu ameingia kwa maji," akasema.

"Asante, mzee."

"Hiyo mahali ilizima." Akaelekeza fimbo nyuma, tulikotoka. "Ulijuaje? Mimi nilikuwa mbele na sikusikia kitu."

Nikamwonyesha kiganja changu cha kushoto. Akakitazama, akakishika kwa mikono yake miwili, akakitikisa kama anavyosalimiwa mtu mzima, kisha akaenda kuwaambia vijana waondoe bodaboda zao darajani.

Jioni tulikula nyumbani kwa rafiki yangu, wali na ndengu, tukiwa tumekaa nje kwenye mikeka na akina mama wa kikundi kwa sababu nyumba haikutosha. Vumbi lilikuwa bado kwenye nywele zetu. Jirani mmoja mzee, ambaye hakuweza kutembea hadi mferejini na alisikia yote kutoka kitandani, aliletwa kwa kiti akakaa nasi. Akauliza ni nani huyo alikuwa anapiga, kwa maana alitaka kumsalimia.

Kabla sijameza nilichokuwa natafuna, mama alikuwa ameshaweka sahani chini.

"Ni huyu," akasema. "Huyu msichana wangu. Ukitaka kuongea na yeye kaa upande huu wa kulia."

Akasogea kwenye mkeka ili yule jirani apate nafasi.